Ndoo yangu ya dagaa na mafundisho ya Buddha

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba Wabuddha hawana cha kumfundisha Mtanzania. Mimi ni Mkristo, nauza dagaa Mwaloni Kirumba mwaka wa 19 sasa, na fundisho moja la Buddha limenigusa penye kidonda.

Mwaka jana nilifuatilia deni Dar es Salaam, nikafikia kwa binti yangu Upanga, karibu na lile hekalu la Wabuddha. Jirani yake, bibi mmoja muumini wa pale, akanisimulia kisa cha Rahula, mtoto wa Buddha. Kijana alimtengea baba yake maji ya kunawa miguu. Baba akanawa, akabakiza maji kidogo chomboni, akamuuliza: unayaona haya? Wema wa mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi ni mdogo hivi hivi. Akayamwaga: na wema wake humwagwa hivi. Akakipindua chombo, akakiinua, kitupu. Kisha akauliza kioo ni cha kazi gani. Cha kujitazamia, kijana akajibu. Basi kila tendo, kila neno na kila wazo lako ulitazame vivyo hivyo, kabla hujafanya, unapofanya na ukishafanya: je, linaniumiza mimi au mwenzangu?

Bibi akaendelea kukatakata bamia zake. Mimi nikaiwaza ndoo yangu.

Ni ndoo ya bati, kitako chake kimebonyezwa kwenda ndani. Ukiitazama kwa juu imejaa dagaa hadi inafanya kichuguu, lakini imepungua kama makopo mawili. Mteja wa Shinyanga anaondoka na ndoo kumi, akifika kwake akipima kwa sado hazitimii, anawalaumu vibarua wa gari. Mimi sikutamka uongo hata siku moja. Ndoo ndiyo iliyonisemea.

Wabuddha wana kanuni tano: kutoua kiumbe, kutochukua usichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa vileo. Nyingi tunazisikia kanisani na wenzetu msikitini. Kilichonishika ni jinsi wanavyozitamka. Muumini hasemi ameamriwa, anasema anaichukua kanuni hiyo ili ajifunze kujiepusha. Anayejifunza akianguka leo, kesho anaanza tena, na mimi nilihitaji sana kusikia hilo.

Kwenye kuua nimekwama, sifichi. Buddha aliwakataza wafuasi wake wasio watawa biashara tano: silaha, binadamu, nyama, vileo na sumu. Nami naishi kwa dagaa. Lakini hiyo ya sumu, ndugu zangu wa ziwani, tusiiruke. Wapo wanaomwaga dawa ya wadudu majini ili samaki waelee, na samaki hao wanaishia kwenye sahani za watoto wetu. Tunawafahamu, na tunanunua kwao kwa kuwa bei yao ni nafuu. Mimi nimeacha kununua mzigo nisiojua umetoka mwalo gani, ingawa wateja wawili wa jumla wamenikimbia.

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliwi, taa hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mitumbwi inalala ufukweni, vijana wanashona nyavu. Bibi aliniambia siku ya mwezi mpevu kwao ni ya kwenda hekaluni na kuzichukua upya zile kanuni. Nami nimeifanya siku yangu ya kukaa na daftari: nani nimempunja, nani nimemjibu vibaya. Mara ya kwanza niliipeleka ndoo kwa fundi bati, akakigonga kitako kwa nyundo mpaka kikanyooka. Mara ya pili nikampigia simu yule mteja wa Shinyanga, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza:

“Tangu mwaka gani, mama?”

Tumeanza kuhesabu. Kila mzigo wake sasa unakwenda na ndoo moja ya juu.

Mama wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza