Kura ya nani, Ambakisye?

Des Moines, Iowa

Ndugu yangu Ambakisye,

Ugonile! Za hapo Tukuyu, za mvua? Mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshaingia na watoto wanazidi kunijibu Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili. Hiyo ni kesi nyingine, tutaifungua siku nikiwa na nguvu.

Ile sauti yako niliipata nikiwa barabarani na mzigo. Nilivyosikia unavyohema kabla hata hujaanza kuongea nikajua leo kuna jambo. Kwanza hongera. Kutoka uenyekiti wa kata hadi kupendekezwa kwa mkoa mzima si mchezo, Mzee Kalinga angekuwepo angechinja. Pili, rasimu ya katiba ya chama chenu cha wakulima cha mkoa uliyonipigia picha nimeisoma yote, hata ule ukurasa uliofunikwa nusu na kidole chako. Mengi sina neno nayo. Lakini ile ibara ya wanachama, bwana! Nani aliyeandika kwamba kampuni zinazonunua parachichi na mawakala wa pembejeo nao wawe "wanachama kamili" kwa kuwa ada yao ni kubwa? Ni Tusajigwe? Inanukia Tusajigwe.

Umeniuliza Wamarekani wanaendeshaje vyama vyao vya wakulima. Sasa utacheka. Mimi hapa ni mwanachama wa chama cha wakulima cha jimbo zima. Sina hata shina la mchicha, naishi ghorofa ya pili, lakini kwenye pochi nina kadi ya Farm Bureau yenye jina langu. Ilikujaje? Nilikwenda kukatia gari bima. Kampuni ya bima ni ya hao hao wakulima, na ili uwe mteja wao unalipa ada ya mwaka ya uanachama. Nikalipa, nikapewa kadi, nikatoka nimeshakuwa mkulima. Mke wangu aliniuliza jembe liko wapi.

Na si mimi peke yangu. Sensa ya kilimo ya 2022 ilihesabu mashamba 86,911 Iowa nzima, na familia zenye kadi kama yangu zinapita idadi hiyo mbali sana. Maana yake wengi wetu ni watu wa bima. Ila kura hatuna. Sisi tunaitwa washirika tu. Wanaochagua viongozi na kupitisha msimamo wa chama ni wale wanaolima kweli. Mwanzoni nililiona hilo kama dharau kidogo, nalipa halafu sisikiki? Siku hizi naona ndiyo busara kubwa kuliko zote walizonazo, na ndiyo sababu nimeacha usingizi nikuandikie.

Ngoja nikueleze uongozi wao ulivyo. Jimbo lina kaunti 99 lakini vyama vya kaunti viko 100, kwa sababu kaunti moja inayoitwa Pottawattamie ina viwili, cha mashariki na cha magharibi. (Usiniulize waligombania nini. Kwetu pia tunawajua wa aina hiyo.) Kila chama cha kaunti kina bodi yake na kinatuma mjumbe wake mwenye kura kwenye mkutano mkuu, ambao hufanyika hapa Des Moines kila Desemba. Kaunti ya Polk, ndiyo hii ninayokaa, ilikuwa na watu karibu laki tano kwenye sensa ya 2020. Adams haikufika hata elfu nne. Mjumbe wa Adams akisimama anahesabiwa sawasawa na wa Polk. Najua hilo hutalipenda, maana ukilileta kwenu wilaya yenye parachichi chache italingana na Rungwe. Lifikirie hata hivyo.

Juu ya kaunti kuna bodi ya jimbo, watu wanaotoka kanda mbalimbali, wote wakulima. Halafu rais na makamu. Rais wa sasa, Brent Johnson, ni mkulima wa mahindi na soya kutoka kaunti ya Calhoun, alichaguliwa Desemba 2021. Kabla yake alikuwa Craig Hill, miaka kumi, na kabla ya Craig Hill alikuwa Craig Lang, naye miaka kumi. Yaani kwa miaka ishirini ukiita "Craig!" ofisini lazima mkubwa ageuke. Lakini angalia kitu hapa: huyo Hill alikuwa makamu wa Lang. Alikaa pembeni ya kiti, akajifunza kazi, ndipo wajumbe wakampa. Katika rasimu yenu makamu mwenyekiti ametajwa mara moja tu, kwamba atakaimu mwenyekiti akifiwa au akiugua. Mnamweka mtu kungoja misiba?

Kando ya hao waliochaguliwa kuna walioajiriwa: wanasheria, wachumi, watu wa kwenda bungeni, watu wa hesabu. Hao ndio wako ofisini kila siku wakati rais yuko shambani kwenye kombaini lake la kuvunia. Bodi inaamua, walioajiriwa wanatekeleza. Sitakudanganya kwamba mpaka huo uko wazi daima. Aliyeko ofisini kila siku anajua mengi kuliko anayekuja kikaoni, na anayejua mengi... unajua mwenyewe. Wewe ulimwona yule mhasibu wa chama cha msingi.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote nilikiona kwa macho yangu. Kuna mzee ninampelekea chakula cha nguruwe, yumo kwenye bodi ya kaunti yake. Siku moja nilimkuta ameegemea boneti ya pikapu, karatasi ameikandamiza kwa bisibisi isipeperuke, anakata maneno kwa kalamu. Lilikuwa pendekezo la madaraja. Barabara za changarawe huku zina madaraja ya zamani, lori la mahindi likijaa haliruhusiwi kupita, linazunguka mbali. Akaniuliza mimi dereva, wewe unazunguka wapi? Nikamwambia. Akaandika! Karatasi kama hiyo inapigiwa kura kwenye kaunti, inakwenda kamati ya maazimio ya jimbo, na mwisho wa kiangazi wajumbe wa kaunti zote wanakaa kuijadili mstari kwa mstari. Ikiwa ni jambo la taifa, inapanda hadi mkutano wa Farm Bureau ya nchi nzima mwezi wa kwanza. Rais wa jimbo akisimama mbele ya wabunge anasema kilichopitishwa, si kilichomjia akiwa anakunywa kahawa. Katika rasimu yenu, msimamo wa chama "utatolewa na mwenyekiti kwa kushauriana na kamati." Ndugu yangu, hiyo ni kamba ya kujinyongea. Siku mkuu wa mkoa akikuita, utajibu kwa karatasi ya nani?

Sasa turudi kwenye ile ibara, maana haijaniachia.

Maji ya bomba ninayokunywa yanatoka mito inayopita kwenye mashamba ya juu huko. Mbolea inaoshwa, naitreti inaingia mtoni, mamlaka ya maji inagharamia kuitoa. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishtaki kaunti tatu, Sac, Buena Vista na Calhoun, ndiyo, Calhoun ile ile ya rais wa sasa. Farm Bureau ikasimama upande wa kaunti na wakulima. Kesi ikatupwa na mahakama mwaka 2017. Halafu Juni 2025 naitreti ikapanda tena hadi tukakatazwa kumwagilia majani ya uani, mitambo imeelemewa. Jirani yangu Mkongo alikuwa anacheka, anasema amekimbia vita, amekimbia kambi, sasa anakimbizwa na majani.

Hebu sasa nipe kura katika chama kile. Ningepigaje? Ningepiga kura ya mnywa maji, Ambakisye, na ningekuwa na haki yangu kabisa. Lakini haingekuwa kura ya mkulima. Na sisi watu wa bima tuko wengi, tungewameza wenye shamba siku moja mchana kweupe, kwa amani, kwa kunyoosha mikono. Mnunuzi wa parachichi naye si mtu mbaya. Atapiga kura ya mnunuzi. Siku mkijadili bei ya kilo, au nani abebe hasara ya matunda yaliyokataliwa kwenye mizani, mtakuwa mmekaa meza moja mnahesabiana kura na mtu ambaye faida yake ni hasara yenu.

Najua jibu lako: hela itatoka wapi? Hapo ndipo wananikanganya hata hawa. Chama cha Iowa kilianzishwa Marshalltown Desemba 1918, na kwa miaka mingi kilikuwa kimefungamana na mabwana shamba wa serikali, hadi sheria ya 1955 ilipowatenganisha. Kilisimama baada ya hapo kwa sababu kilikuwa na chake mfukoni: bima ile walianza 1939. Sisi tuliona upande wa pili. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kwa amri, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982, na baba yako hadi anazeeka hakuacha kuhesabu kilichopotea katikati. Kwa hiyo hela ya kujitegemea ni muhimu, sipingi. Ila nayo ina mkono wake. Wapo wakulima wadogo huku wanaonung'unika kwamba chama kimekuwa kampuni ya bima yenye trekta ukutani. Na mimi mwenyewe hainipendezi nikisikia kiongozi anataja wingi wa wanachama wake mbele ya wabunge, kwa sababu najua nimo kwenye hesabu hiyo, na kuhusu maji hakuna aliyeniuliza. Hilo sijapata jibu lake. Labda wewe utalipata kabla yangu.

Ninachokuomba ni hiki: wanunuzi na mawakala wawe washirika, walipe, waalikwe, wapewe soda na kiti cha mbele, lakini kura hapana, na wasigombee. Liandikwe waziwazi, lisiachwe kwenye "kanuni zitakazotungwa baadaye." Kanuni za baadaye huandikwa na waliobaki ukumbini baada ya wakulima kuwahi gari.

Kuhusu kugombea kwako, sikukatazi. Ila uliposema kwenye ile sauti kwamba mshindi atakuwa pia msimamizi wa duka la pembejeo na mwenye sahihi benki, nilisimamisha lori. Ukipewa vyote hivyo hata malaika atasemwa. Ajirini katibu mtendaji, wewe baki na bodi.

Sasa nijibu haraka. Mkutano wa kupitisha rasimu ni lini hasa, kabla ya Krismasi au baada? Anayegombana nawe ni yule wa Kiwira au kuna mwingine? Kampuni zile zimeshatoa hela, au ni ahadi tu? Kama zimetoa, nani alizipokea, na kuna risiti? Afisa ushirika ameiona rasimu? Wanawake wamo wangapi kwenye kamati, maana katika majina uliyonitumia nimemwona Mama Neema tu, na huyo najua mmemweka achukue kumbukumbu? Na mkeo anasemaje? Usinijibu kwamba amekubali, niambie amesemaje.

Msalimie kila anayeniulizia, na asiyeniulizia pia.

Wako,
Asajile

N.B. Picha ya ukurasa wenye kidole ipige upya, ibara ya kumwondoa mwenyekiti madarakani imefunikwa yote. Natumaini ni bahati mbaya.