Ukingoja Juni, Aprili imeshapita

Kila mwaka wateja wetu wengi hapa Kisumu hufika ofisini kusaidiwa kujaza ritani ya ushuru wiki ya mwisho ya Juni, wakiikimbilia tarehe 30. Ni kweli hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani, yaani kuitangazia KRA (mamlaka ya ushuru) mapato ya mwaka uliotangulia. Lakini kuna tarehe nyingine isiyotajwa sana: ushuru unaosalia baada ya hesabu ya mwaka unatakiwa uwe umelipwa kufikia Aprili 30. Mwenye deni akija Juni, deni limeshaanza kuzaa.

"Lakini mimi hukatwa PAYE, ushuru wa mshahara, kila mwezi, deni litoke wapi?" Tunaulizwa hivyo mara nyingi, na ni swali la haki. Kwanza, makato si ritani. Mwajiri hupeleka pesa, ila kutangaza mapato yako ya mwaka mzima ni wajibu wako. Pili, mwajiri anajua mshahara anaokulipa yeye tu. Tuseme mchana unafundisha chuo kimoja na jioni kingine, na kote unalipwa zaidi ya shilingi 24,000 kwa mwezi. Kila mwajiri akikupa nafuu ya kibinafsi, yaani punguzo la ushuru, ya shilingi 2,400 kwa mwezi, kufikia Desemba umepata 28,800 zisizokuwa zako, maana sheria inakupa nafuu hiyo mara moja tu. Kiwango cha chini cha ushuru cha asilimia 10, ambacho ni cha shilingi 24,000 za kwanza, nacho kimetumika mara mbili. P9 zote mbili (fomu ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka) zikijumlishwa kwenye iTax, mfumo wa KRA mtandaoni, deni linajitokeza. Watu hushtuka, hudhani mfumo umekosea. Haujakosea.

Deni la 60,000 lisipolipwa Aprili linatozwa asilimia 5, yaani 3,000, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi. Hadi mwisho wa Juni riba imefika 1,200. Ukichelewesha na ritani yenyewe, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa deni hilo ni 3,000 nyingine. Hiyo ni karo ya mtoto, na inatuuma kuona mteja akiilipa kwa sababu ya tarehe tu.

Kujaza kwenyewe hakuchukui muda hati zikiwa sawa. Kinachokula wiki ni kuwangoja wengine: P9 ya mwajiri uliyemwacha katikati ya mwaka, cheti cha benki cha riba ya mkopo wa nyumba, cheti cha bima ya maisha. Walimu wa TSC, tume inayowaajiri walimu, wana afueni, P9 yao hupatikana mtandaoni. Tena takwimu ambazo mwajiri alituma KRA huenda zisilingane na P9 aliyokupa, na hapo ni yeye peke yake anayeweza kurekebisha. Tarehe 29 Juni hatuna namna ya kumharakisha.

Tafadhali, usikubali kujaziwa ritani ya sufuri ili mambo yaishe, ilhali ulikuwa na mshahara. Hilo ni tamko la uongo, na limeandikwa kwa PIN yako (namba yako ya ushuru), si ya aliyekujazia. Ritani ya sufuri ni ya asiye na mapato, kama mwanafunzi aliyechukua PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB. Naye asiisahau Juni 30.

Ukija kwetu Februari au Machi, njoo na namba ya PIN, P9 za kila mwajiri wa mwaka huo na simu yenye barua pepe uliyosajili KRA. Pasiwadi utaiandika mwenyewe, sisi hatuitunzi. Tutakuonyesha hesabu kabla ya kutuma, na kama kuna deni utajua mapema unapanga vipi kulilipa kabla ya Aprili kwisha. Kama mwajiri wa zamani hajakupa P9, usikae nyumbani ukiingoja. Njoo hivyo hivyo, barua ya kuiomba tutakuandikia.