Picha za zamani zinatuonyesha shida, hazituambii watu walijikwamuaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie picha za zamani, zile nyeusi na nyeupe zinazotolewa kila inapokaribia sikukuu ya Uhuru, na ambazo siku hizi zinazunguka pia katika makundi ya WhatsApp ya koo na parokia zetu. Utaona akina mama wamejitwika majani, watoto wako pekupeku, watu wamepanga foleni mbele ya duka. Chini yake pameandikwa “Tulikotoka” au “Maisha ya zamani”. Wengine wanasikitika, wengine wanacheka, kisha picha inapita. Mimi nasema picha hiyo tumepewa nusu. Tumeonyeshwa shida, lakini hatukuambiwa wale watu walifanya nini ili kesho yake wale. Kwao hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na kwetu sisi ndilo lenye faida.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu unatoka mbali. Machi 1936, Marekani ikiwa imebanwa na mdororo mkubwa wa uchumi, mpiga picha Dorothea Lange aliingia katika kambi ya vibarua wa kuchuma njegere huko Nipomo, California. Mazao yalikuwa yameharibiwa na baridi na kazi hakuna. Akampiga picha mama mmoja aliyekaa chini ya hema, mkono shavuni, watoto wawili wamemwegemea na kuficha nyuso zao, mtoto mchanga yuko mapajani. Picha hiyo ilienea dunia nzima. Lange hakumwuliza mama yule jina lake, na katika maelezo yake aliandika kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili ipate chakula. Umma ulikuja kumfahamu mwaka 1978: Florence Owens Thompson. Familia yake ikakanusha habari ya matairi. Walisema hawakuwa na matairi ya kuuza isipokuwa yale yaliyokuwa kwenye gari lao, na ndiyo waliyoondoka nayo. Gari lilikuwa limeharibika njiani, wanaume wa familia wamekwenda mjini kulishughulikia, na yeye alikuwa anawasubiri.

Tazama kosa lilipoangukia. Uso wa yule mama ulikuwa wa kweli, na njaa ya kambi ile ilikuwa ya kweli. Kilichoandikwa vibaya ni namna walivyokuwa wanajikwamua. Dunia ikaamini ni watu waliofika mwisho kabisa, wamekaa hapo hawana pa kwenda, kumbe walikuwa safarini na wanatengeneza gari ili wakatafute kibarua kingine. Serikali ilipopeleka chakula katika kambi ile baada ya picha kutoka gazetini, familia hiyo ilikuwa imekwisha kuondoka. Na kosa hilo lilikaa zaidi ya miaka 40 kwa sababu mama aliyepigwa picha hakuulizwa.

Kwetu Kilimanjaro picha ya mama aliyebeba majani imechapwa tangu enzi za Wajerumani. Ukiandika chini yake “mzigo mzito” hujadanganya, lakini hujasema kitu. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, ni kidogo, hakina malisho, kwa hiyo ng’ombe hufungwa bandani na majani hufuatwa chini tambarare, mwendo mrefu wa kupanda na kushuka. Samadi ya ng’ombe huyo ndiyo inayolisha migomba. Migomba inatoa chakula cha nyumbani, inatoa ndizi za kupikia pombe ya mbege, na inaipa kahawa kivuli. Maziwa kidogo na mikungu miwili mitatu vinakwenda sokoni. Basi bei ya kahawa ilipoporomoka duniani miaka ya 1930, wakati ule ule ambapo chama cha ushirika cha KNCU kilikuwa ndiyo kwanza kimeundwa mwaka 1933, fedha ya baba ilipungua lakini chungu cha mama hakikuzimika. Picha za ushirika za miaka ile zinaonyesha wanaume wenye makoti na vitabu vya hesabu, na wanastahili heshima yao. Yule wa majani tumempa huruma tu, wakati naye alikuwa anaendesha uchumi.

Lakini si lazima twende kwenye nyaraka za wakoloni. Albamu zetu za nyumbani zimejaa habari hizi, ila hatujui kuzisoma, kwa sababu mpiga picha haitwi siku ya njaa. Anaitwa siku ya kipaimara, ya harusi, ya Krismasi. Kila mtu amevaa vizuri, na kijana wa leo akitazama anasema, “Mbona hamkuwa na shida?” Shida imo humo humo, katika nguo na viatu.

Nina picha ya kipaimara ya mwaka 1982, mimi na ndugu zangu mbele ya nyumba ya babu. Sote tumevaa kitambaa cha aina moja, wasichana magauni, wavulana mashati. Mgeni atadhani ilikuwa sare ya sherehe. Wakati huo mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977 na ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Madukani hapakuwa na kitu, na cha mgao kilipokuja kiligawanywa kaya kwa kaya. Kitambaa kile kilitoka Taveta, upande wa Kenya, kwa njia za panya, kilibadilishwa kwa maharage, na kilikuja kipande kimoja, kwa hiyo kilikatwa kikatosha watoto wote. Kaka yangu mkubwa amesimama nyuma ya benchi kwa sababu viatu vyake amevaa mdogo wake aliyekaa mbele. Fundi aliyeshona alikuwa jirani yetu, na malipo yake yalikuwa ndizi. Nguo zenyewe zilifuliwa kwa majani ya mpapai maana sabuni haikuwepo, na chakula cha siku hiyo kilikuwa kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, kwa sababu unga uliopatikana ulikuwa ule wa njano tuliouita Yanga, na bibi alisema mgeni hapewi Yanga siku ya sherehe.

Haya yote yamo ndani ya picha moja ndogo, na hakuna hata moja lililoandikwa nyuma yake mpaka nilipomwuliza mama. Mwanzoni hakutaka kusema habari ya Taveta. Kwa miaka yote aliona ni aibu, kwamba alivunja sheria. Mimi naona alitulea. Sitaki kuficha kwamba magendo yaliumiza nchi, na wengine walitajirika kwa njia hiyo wakati wenzao wanakosa dawa. Lakini mama mwenye maharage na kipande cha kitambaa si mlanguzi, na akifa bila kuulizwa, atakayeandika historia ya mpaka ule atabaki na kumbukumbu za polisi peke yake.

Upande wa Arusha kuna mfano mwingine. Tengeru, kuanzia mwaka 1942, ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki ya nchi yao na kupelekwa Siberia na Kazakhstan, wakatoka huko kupitia Irani mpaka wakafika chini ya Mlima Meru. Picha zao zipo nyingi: nyumba za mviringo zilizopakwa chokaa na kuezekwa nyasi, watoto wa shule, skauti wamepanga mstari, akina mama bustanini. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo na yanatunzwa. Nilichojifunza katika picha hizo ni kwamba watu waliopoteza karibu kila kitu walianzisha shule na kanisa mapema, na kwamba waliandikana majina. Wajukuu wao wanakuja leo wakiwa na picha mkononi na kuuliza kaburi la bibi kwa jina lake. Nawaheshimu kwa hilo. Ila katika picha nilizoziona, Mmeru aliyesimama pembeni na ndoo au jembe hana jina.

Na Wameru wenyewe hawakukaa muda mrefu kabla hawajafikwa na yao. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili ardhi ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York, akiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi hapa Moshi, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuidai ardhi hiyo. Kura za kikao kikuu hazikutosha, lakini sauti ya Wameru ilisikika mahali ambapo sauti ya Mtanganyika wa kijijini ilikuwa haijasikika. Tunapoikumbuka habari hiyo tunamtaja mtu mmoja mwenye suti, na anastahili. Nauli yake ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu waliochangishana wakati wao wenyewe wametoka kuondolewa kwenye mashamba yao. Waliouza mbuzi au debe la mahindi ili mchango utimie wana watoto na wajukuu ambao ni wasomaji wako, na wengine wana picha zao ukutani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mkichapa picha ya zamani msiridhike na maneno mawili ya chini. Tafuteni ni nani, wapi, walikuwa wanafanya nini, kitu kile kilipatikanaje. Mkikosa majina, ombeni wasomaji wayalete na mchape masahihisho wiki inayofuata mahali pale pale. Hata picha za siku hizi zina kasoro hiyo hiyo: mafuriko ya tope yalipoikumba Katesh, Desemba 2023, simu zetu zilijaa picha za magogo na matope, na ni chache mno nilizoona za watu waliopika, waliopokea watoto wa jirani, waliochimba kwa mikono.

Makumbusho tunayo, Arusha kuna Boma la Wajerumani na kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha. Watenge siku ambazo mwananchi ataleta picha yake, inakiliwa mbele yake, anaondoka nayo. Watu hawataleta kama wanaogopa kwamba haitarudi. Na nyumbani, unapokaa na mzee, usimwulize “maisha yalikuwaje”, atakujibu “magumu” na mazungumzo yataishia hapo. Mwulize viatu hivi ni vya nani, kitambaa kilitoka wapi, nani alipika siku hiyo na alipika nini. Andika nyuma kwa penseli, taratibu, maana kalamu ya wino hupenya na kuharibu uso wa picha. Asipotaka jambo fulani litangazwe, liheshimu.

Mwisho, wapo wenye studio za picha za zamani mjini Moshi na Arusha, au watoto wao, ambao biashara iliwaishia zilipokuja simu. Nimeambiwa kuna mahali negativu zilitupwa zikiwa zimejaa katoni. Nawaomba waliobaki nazo wasitupe tena, na hasa wasitupe madaftari. Studio nyingi ziliandika namba ya negativu, tarehe na jina la mteja ili ijulikane ni ya nani atakapokuja kuchukua picha zake. Waandishi wako wakienda kuwatafuta wazee hao, wawaulize kwanza daftari liko wapi, ndipo waulize picha.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Rau, Moshi