Mangi, kuhusu yule kijana wa ofisini kwako

Mangi wangu, habari za Arusha? Huku Moshi masika imekolea, wageni hamna, mlima wenyewe hatujauona wiki nzima, ndo maana nimepata muda wa kukuandikia.

Yule kijana ulonielezea, kila kikao lazima aongee yeye, mteja akishukuru anawahi kusema ni mimi hiyo, asiposifiwa ananuna mpaka jioni. Ukasema Jumatatu utamshusha mbele ya watu wote ajue nafasi yake. Aisee usifanye. Mi nilifanya.

Msimu uliopita tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, nilikuwa na msaidizi wa hivyo hivyo. Pale kambi ya Shira anawapiga wageni stori kwamba mtu wake hajawahi kukosa kufika kilele cha Uhuru, nikamkatisha mbele ya wageni, wagumu, yaani wabeba mizigo, na mpishi, wakacheka sana, yeye kimya. Kesho yake Lava Tower, hapo ni zaidi ya mita 4,600, mgeni mmoja akamwambia kichwa kinauma na chakula hakipiti. Hakuniambia. Tukashuka kambi ya Barranco nikidhani wote wako poa, kumbe usiku mgeni anatoka kwenye hema anayumba kama mlevi, na we unajua mtu akianza kuyumba mlimani hamsubiri kuche, tukamshusha usiku ule ule na mvua. Alipona, namshukuru Mungu, ila mpaka leo ile njia naiota.

Baadae nilimwita peke yake, tukanywa kahawa hapa mjini, nikamwambia kuficha ugonjwa wa mgeni sitavumilia mara ya pili. Halafu nikamuomba msamaha wa Shira, maana nilimuaibisha ndo akatafuta kwa nguvu zote asionekane ameshindwa. Alilia mangi.

Toka hapo daftari la asubuhi nimempa yeye, anapita hema kwa hema kuuliza nani kalala, nani kala, kichwa vipi, anakuja kunisomea. Anaipenda ile kazi kwa sababu kila mgeni anamjua kwa jina, na mi nikimsifu namsifu kwa daftari tu. Stori zake za kuongeza chumvi bado zipo, sibishani nazo wala sicheki, namuuliza hema namba nne wameamkaje.

Na usiwasahau wale wakimya, hao ndo huwa wanaondoka bila kusema. Mpishi wangu miaka yote ile alikuwa anatajwa mwisho, siku hizi tukimaliza safari pale geti la Mweka namuita wa kwanza mbele ya wageni. Kwahiyo kikao chako anza na yule dada wa mahesabu, muulize yeye kwanza, kijana atasubiri zamu yake. Kijana akijibebea sifa za kazi ya mwenzake mwambie siku hiyo hiyo, mkiwa wawili, taja kitu chenyewe, usianze kumwambia tabia yako mbaya.

Jumapili nipigie kabla hujaingia kwenye hicho kikao. Msalimie mama watoto, na ule mzigo wa ndizi nautuma kesho na gari la asubuhi.