Usiku wa mbio za farasi, Charles Town

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi hatujambo. Umeniuliza kama ile safari tuliyoifanya mimi na mume wangu, shemeji yako, kwenda Charles Town, jimbo la West Virginia, kutazama mbio za farasi inawafaa na ninyi, mnaotafuta mahali pa kupumzika mwisho wa juma bila kupanda ndege, na kwa kuwa jibu langu haliwezi kuwa la neno moja, nimeona heri nikuandikie barua.

Tuliondoka Maryland Jumamosi asubuhi, tukapita Frederick na kuishika barabara ya 340. Nakusihi msipite njia hiyo gizani. Karibu na Harpers Ferry barabara inavuka mto Potomac na kuingia Virginia, kisha baada ya mwendo mfupi inaingia West Virginia na kuvuka mto Shenandoah, hivyo mnakuwa mmepita majimbo matatu kabla hamjamaliza mazungumzo mliyoyaanza. Tulishuka kwa miguu hadi pale mito hiyo miwili inapokutana. Hapo shemeji yako, ambaye kwa miezi kadhaa tulikuwa tukizungumza naye habari za ada na kodi ya nyumba tu, alikaa juu ya jiwe akaanza kunieleza mambo ya kazini yanayomnyima usingizi, na mimi nikamsikiliza hadi jua likatuchoma. Kwa saa hiyo peke yake safari ilikuwa imekwisha kulipa.

Charles Town ni mji mdogo, ulioanzishwa mwaka 1786 na Charles Washington, mdogo wake George Washington. Ndiko alikohukumiwa John Brown mwaka 1859, baada ya kuivamia ghala ya silaha ya Harpers Ferry akitaka kuwakomboa watumwa. Tulisimama kimya mbele ya jengo la mahakama, kisha tukaenda hotelini kupumzika tukisubiri usiku, kwa maana mbio zenyewe hufanyika usiku chini ya taa.

Uwanja wa mbio ulifunguliwa mwaka 1933. Mashine za kamari zilianza kazi humo humo mwaka 1997, baada ya wapiga kura wa eneo hilo kuziruhusu, na meza za karata na ruleti zikafuata mwaka 2010. Kwa sheria ya jimbo hilo, sehemu ya mapato ya mashine huingizwa kwenye zawadi za washindi wa mbio, kwa hiyo farasi wanalishwa na mashine. Niliuelewa vizuri ukweli huo nilipoingia: ukumbini watu wamejaa, kila mmoja amekikodolea macho kioo chake, lakini ukifungua mlango na kutoka nje unakuta viti vingi havina mtu, ilhali wanyama wazuri kupindukia wanapita hatua chache mbele yako. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kabla ya kutoka chumbani tulikuwa tumekubaliana kwamba kila mmoja achukue dola 80 taslimu ndani ya bahasha, na kadi za benki zibaki hotelini. Fanyeni hivyo hivyo, tena bila kuoneana aibu. Shemeji yako alianzia kwenye mashine, na katika nusu saa dola 40 zilikuwa zimekwenda. Jirani yake alimhimiza aendelee kwa kuwa mashine ile, kwa maneno yake, ilikuwa imekaribia kutoa. Si kweli. Mashine haina kumbukumbu; kila mchezo huamuliwa upya kwa namba ya kubahatisha, na fedha ulizokwisha kuiachia hazisogezi ushindi karibu hata kidogo. Namshukuru Mungu kwamba mume wangu aliinuka mwenyewe akanifuata nje.

Kwenye farasi hesabu ni nyingine. Fedha za wote waliobashiri hukusanywa pamoja, makato ya uwanja na ya serikali huondolewa, na kinachobaki hugawanywa kwa waliopatia, utaratibu ulioanzia Ufaransa katika miaka ya 1860. Kwa hiyo mnashindana na watazamaji wenzenu, na namba za malipo kwenye ubao hubadilika kadiri watu wanavyoweka madau, hadi lango la kuanzia linapofunguka. Dola 2 zinatosha kumchagua farasi wa kushinda. Nendeni mapema mahali wanapotandikwa, mkawatazame wanavyotembea, masikio yao na jasho la shingoni, ndipo mchague. Sikuambii kwamba utapata fedha. Mimi nilipatia mara moja tu katika mbio 6. Nakuambia kwamba utakuwa umemtazama kiumbe hai kwa makini, na atakapopinda kona ya mwisho, kwato zikitimua mchanga, utajikuta umesimama.

Kuna mbio fupi za kiasi cha mita 900, ambazo humalizika kabla dakika haijatimia. Katika mojawapo ya mbio za usiku ule nilimchagua farasi jike wa rangi ya damu ya mzee, akamaliza wa nne. Mbio hizo zilikuwa za aina ambayo kila farasi anayeingia huwa anauzwa kwa bei iliyotangazwa, na aliyewasilisha ombi la kumnunua kabla ya kuanza humchukua baada ya mbio, awe ameshinda au ameshindwa. Aliporudi, mtu mwingine alikuwa akimsubiri na hatamu yake mkononi. Msichana aliyekuwa amemleta, na ambaye nilimwona akimnong'oneza wakati anatandikwa, alimfuta povu mdomoni, akamkabidhi, akaondoka na ndoo tupu. Hakulia. Shemeji yako alinishika mkono, na tulikaa pale mpaka mbio zilizofuata zikapita bila kuweka dau lolote.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, nendeni, ila chagueni Jumamosi yenye mbio na muda wenu mwingi mkautumie nje. Shemeji naye, najua anavyopenda karata, mwambie meza zile azitazame kwanza kabla ya kukaa. Niandikie mnafikiria tarehe ipi, kwa kuwa mume wangu ameniuliza mara mbili sasa kama yule farasi jike atakimbia tena, na tungependa safari hii tuwe wanne.

Wako akupendaye daima.