Bolti Inazunguka Bila Kukaza: Tundu Likifa Uzi Ukiwa Unafunga Injini

Wateja wengi wanaotupigia simu wakiwa katikati ya kufunga injini nyumbani hueleza jambo lilelile. Bolti ilikuwa inakaza vizuri, ghafla mkono ukahisi ulaini, na spana ikaanza kuzunguka bure. Ukiifungua, inatoka na vinyuzi vya alumini vimejisokota kwenye meno yake. Hapo tundu limekufa uzi, yaani meno ya ndani yanayoshika bolti yamekatika. Bolti yenyewe mara nyingi ni nzima, maana ni ya chuma kigumu, wakati silinda hedi, sampu (bakuli la oili chini ya injini) na makava mengi ya injini ni ya alumini. Kilicho laini ndicho kinachokatika.

Tunachomwomba mteja ni asimame hapohapo. Usiongeze nguvu, usizungushie bolti utepe wa bomba, usijaze gundi ya chuma. Gundi hiyo inaziba ufa mdogo wa kava vizuri tu, lakini haina uwezo wa kubeba mvuto wa bolti kwenye joto linalopanda na kushuka kila siku. Kinachotusikitisha zaidi ni tundu lililotanuliwa ili liingie bolti nene. Tundu la kava nalo litabidi litanuliwe, ukuta unaobaki unakuwa mwembamba, na likifa tena hakuna nyama ya kutosha ya kufanyia kazi.

Sisi kwa kawaida tunavisha helikoili. Ni koili ya waya wa chuma cha pua, nje ina meno ya kushika alumini na ndani ina meno ya kupokea bolti. Tundu linatanuliwa kidogo, linakatwa uzi kwa tepu yake maalumu (kifaa cha kuchonga meno ndani ya tundu), koili inazungushwa mpaka ndani, na bolti ya saizi ileile inarudi mahali pake. Kwa bolti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8, na hatua ya uzi (nafasi kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.25, tunatoboa kwa biti ya milimita 8.3 hivi, kwa M6, 6.3. Usijaribu kutumia tepu ya kawaida ya M8, kwa sababu uzi unaopokea koili ni mpana zaidi. Ikivishwa vizuri, alumini hiyo inashika bolti vizuri kuliko ilivyokuwa mwanzo, na ndiyo maana tunaiamini kazi hii.

Inapoharibikia ni kwenye kutoboa. Drili ikilala kidogo tu, bolti itaingia mshazari, kichwa chake kitagusa upande mmoja, na itapinda wakati wa kukazwa. Hedi tunaifunga kwenye drili ya kusimama. Bloku ambayo haijashushwa kwenye gari tunaiwekea kipande cha chuma kilichotobolewa wima, biti ipite humo. Biti yenyewe tunaizungushia utepe kuonyesha kina, kwa sababu nyuma ya matundu mengi kuna njia ya maji au ya oili. Tepu inakwenda nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ikilainishwa kwa mafuta ya taa, ili chenga zikatike badala ya kujaa. Tundu likishasafishwa kwa hewa ya kompresa, koili inaingizwa mpaka ishuke robo hadi nusu mzunguko chini ya uso. Ikichomoza, gasketi inayoziba kati ya vipande viwili haitalala. Halafu kile kimguu cha chini kilichotumika kuizungushia kinavunjwa na kutolewa. Usikisahau ndani ya injini.

Bolti za silinda hedi na tundu la plagi ni habari nyingine. Huko tunapendelea bushi nzima ya chuma, na tungependa utuletee kipande chenyewe badala ya kujaribu nyumbani.

Sababu ya uzi kufa mara nyingi ilianza siku injini inafunguliwa. Bolti zilichanganywa kwenye kopo moja, fupi ikaingia palipokuwa na ndefu, ikashika meno machache ya juu, na meno hayo yakang'oka. Kwenye alumini bolti inapaswa kushika kina kisichopungua mara 1.5 ya unene wake, yaani milimita 12 kwa M8. Chora umbo la kava kwenye boksi la karatasi, toboa, na kila bolti ichomeke mahali ilipotoka. Kwenye kukaza pia kuna shida: bolti ya M6 kwa kawaida inahitaji Nm 10 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) tu, na spana ndefu inavuka hapo kabla mkono haujahisi kitu. Tumia toku renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na vipimo vya kitabu cha injini yako. Pia futa oili iliyotuama kwenye tundu lisilotoboka upande wa pili. Oili haibonyezeki, na bolti ikiisukuma chini, bloku inaweza kupasuka.

Ukija kwetu, njoo na bolti yenyewe hata kama imejaa alumini, pamoja na kava linalofungwa hapo, ili tupime urefu halisi wa uzi. Kama bolti imekatikia ndani, tuletee kabla hujaigusa kwa drili ya mkono: biti huteleza kwenye chuma kigumu na kuhamia kwenye alumini ya pembeni, na kulirudisha tundu katikati ni kazi kubwa kuliko kuvisha koili.