Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, walimu wa sayansi Muheza, mwaka 2025

Walimu wenzangu, salaam. Michango mmelipa vizuri, hesabu atazisoma mweka hazina, mi naomba niende kwenye kitu ambacho kimenikaa rohoni mwaka mzima.

Mnajua shule zetu ziko TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, majengo, uhamisho na kila kitu, ila mtaala unatoka TET (Taasisi ya Elimu) na mtihani NECTA (Baraza la Mitihani) ambao wako chini ya Wizara ya Elimu. Utafiti nao umegawanyika, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) iliyoundwa kwa sheria ya 1986 iko Wizara ya Elimu, NIMR ya utafiti wa magonjwa ni ya Afya, TARI ya utafiti wa kilimo ni Kilimo, kila mmoja ana bosi wake na bajeti yake, na katikati hapo ndo mwanafunzi wetu anapopotea.

Maana wilaya yetu hii hii ina kituo cha TARI Mlingano wanakotafiti mkonge, ina NIMR Amani ya malaria, na kule mlimani Amani Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti tangu 1902! Nikauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili nani ashawahi kumwona mtafiti, mikono miwili ikanyooka, na mmoja alikuwa anamsema karani wa sensa. Iliniuma sana.

Barua ya kuomba ziara ya wanafunzi kwa watafiti tuliandika Machi, ofisi moja ikatutuma ofisi ingine, ile ingine ikaturudisha kule kule, mpaka Septemba ndo watoto 38 wakapanda basi. Lakini siku ile jamani! Binti mmoja kainamia darubini anaangalia kiluwiluwi cha mbu, haondoki, foleni nyuma inanung'unika, akageuka akaniuliza mwalimu, kumbe ndani kuna kitu kinadunda? Kitabuni kamchora mara ngapi, na darubini yetu shuleni kioo chake kimepasuka tunategemea jua la dirishani.

Sasa sikilizeni hili. Sera mpya iliyozinduliwa Dodoma Februari inafanya elimu ya lazima iwe miaka 10, na mwaka 2027 darasa la sita wa mtaala mpya na la saba wa zamani wanamaliza pamoja, so Januari 2028 wote wanaingia fomu wani. Bureti zetu, yale mabomba ya kioo ya kupimia kimiminika maabara, ni zile zile nne.

Kwa hiyo mkutano wa Januari kila mmoja aje na idadi ya vifaa vya maabara vilivyopo shuleni kwake, vizima na vibovu, tuipeleke halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Na barua za ziara safari hii tunaandika mwezi huo huo.